Rufaa Iliyochelewa Siku Kumi na Tisa

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani kwa sababu kiti changu cha pekee kimebeba ndoo na sakafu haijakauka. Sijambo, kikohozi kimekwisha. Koti ulilonishonea limenikaa vizuri mabegani, ila mikono imezidi. Nadhani ulinipimia kwa kukisia. Sikio lako la kushoto vipi, bado linavuma? Mara nyingi nashika simu, kisha nakumbuka utakavyosema "Eeh? Nani?" mpaka jirani aje kukusaidia kunisikia, na mimi sitaki jirani anisikie. Tuzoee kalamu tu.

Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta kuna watu wanaocheka sana saa ya chakula cha jioni. Nimeshajua vicheko vyao vyote. Sijawahi kuziona sura zao.

Kazini nimeongezewa jambo. Asubuhi bado niko dirisha la nakala, watu wanaleta maombi ya hukumu nami nawatafutia. Mchana nashuka chumba cha chini. Mahakama ya Rufaa inataka hukumu zake zote za zamani ziingizwe kwenye kompyuta, ili mtu aliye mbali aandike jina au namba, aisome bila kupanda basi. Wenzangu wamegawana mashamba na mauaji. Mimi mgeni nimepewa watoto. Kesi hizi hakuna anayezitaka, kwa kuwa hazina majina. Mmoja anaitwa mkata rufaa, mwenzake anaitwa mjibu rufaa, na mtoto anaitwa mtoto. Zinapatikana kwa namba tu. Usipokuwa na namba, utasoma vitabu vyote mpaka macho yaume.

Ndipo nikawaza kwamba na mimi nimo humu. Nilipokuwa darasa la sita uliniambia, huku unatunga uzi kwenye sindano, kwamba baada ya baba kufariki mama aliondoka asigeuke nyuma, na kwamba hadi mahakama ya juu kabisa ilisema mimi ni wako. Naomba namba ya hukumu hiyo, shangazi. Nataka kuisoma mara moja tu.

Wako,
Kiraka

2 Machi

Kiraka,

Marahaba mwanangu. Barua imefika kona moja imelowa, sijui mtu wa posta aliitumia kufunikia nini. Mimi nipo. Sikio la kushoto limestaafu kabla yangu. Sasa nasikia nusu ya umbea wa mtaa na bado ni mwingi kupita kiasi. Binamu yako mwalimu amepata mtoto wa tatu, kichwa kama cha marehemu babu yenu. Tumeambiwa kitapungua. Karakana naifungua siku nne kwa wiki, sare za shule zikija nafungua sita. Watu wananunua za dukani, zinapasuka makwapani kabla ya muhula kuisha, kisha wanakuja kwangu wanyonge: "Fundi, tusaidie." Nawasaidia. Nawasema kwanza, halafu nawasaidia.

Hiyo mikono ya koti niliiacha mirefu makusudi. Huko ulikokwenda hakuna wa kukuambia vaa vizuri, baridi hiyo.

Kuhusu ulichouliza, karatasi ziliingia mchwa. Namba siikumbuki. Mimi ni fundi, namba ninazozikumbuka ni za viuno. Uliumwa surua nikakaa na wewe siku tisa bila kugusa cherehani. Hiyo ndiyo hukumu ninayoijua, na haina namba.

Unakula? Hukuniambia unakula nini.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakula. Juzi nilipika maharage ya siku tatu kwa kuwa sufuria ni moja na mlaji ni mmoja. Nimefurahi kwa binamu. Mwambie nitamtumia mtoto kofia, aseme tu ni ya ukubwa gani, ila asinichekeshe.

Jana alikuja mama mmoja dirishani kwangu, mara ya tano sasa. Anataka nakala ya uamuzi wa shamba lake. Nikamwambia kama siku zote, "Mama, andika barua ya maombi. Bila barua, kwetu ni kama hukuja." Akaniangalia. "Binti, si nimesimama mbele yako?" Mzee wa masjala, mkubwa wangu, akacheka kwa nyuma. Yeye husema kisichokuwa na karatasi hakijatokea. Nilicheka naye. Baadaye nikajisikia vibaya, sijui kwa nini.

Shangazi, nimefikiri sana kuhusu jambo moja. Ulisema ulishinda kwenye mahakama ya hapo kwetu, ile inayotazamana na karakana, kisha jambo likafika juu. Lakini kazi yangu imenifundisha kwamba aliyeshinda hakati rufaa. Kama ulishinda wewe, nani alikata?

Sitaki kukuudhi. Wewe ndiye niliye naye. Ila nimeishi miaka hii yote nikijua kwamba mimi ni mtoto aliyeachwa asigeukiwe, na jambo hilo limekaa ndani yangu kama kokoto kwenye kiatu. Nimetembea nalo mpaka nikafikiri ndivyo miguu inavyokuwa. Ikiwa kuna karatasi inayosema vinginevyo, naitaka.

Kama huna namba, nitasoma zote za mwaka aliofariki baba na mwaka unaofuata. Ziko sitini na moja.

Nakumbuka karakana siku hizi. Unakumbuka siku ya taa mchana? Kila wiki kulikuwa na siku moja uliyokuwa ukifunga lile pazia la kijani tangu asubuhi na kuwasha taa jua likiwaka nje, nami nikikaa juu ya meza ya kukatia naona kama tuko ndani ya sanduku letu wawili. Nilikuwa naipenda kuliko sikukuu. Sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Kiraka

28 Aprili

Kiraka,

Marahaba. Nimekushonea gauni la kazini, limo kwenye kifurushi hiki. Nimeacha inchi moja kila upande iwapo umenenepa, na kama umekonda usiniambie. Mvua imeng'oa bati moja la karakana, limerudishwa. Wote wanakusalimu.

Usizisome hizo, mwanangu. Soma za watu wengine.

Shangazi

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Gauni limenitosha, asante. Ile inchi moja sikuihitaji.

Sasa nakuambia nilivyosoma. Kila mchana hukumu mbili au tatu. Kuna mtoto aliyegombewa na babu wawili. Kuna mtoto aliyeulizwa na jaji anapenda kukaa wapi, akajibu "Shuleni." Mwingine alirudishwa kwa baba yake, na kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya sahihi za majaji, mtu ameandika kwa penseli "masikini." Kila nilipofungua mpya nilijitafuta: wa kike, miaka minne, baba amefariki. Mara tatu nilidhani nimejipata, nikasoma haraka, kisha nikakuta mtoto ana kaka, au anaishi kwa bibi. Nikawa nimempoteza mama wa mtu mwingine. Sikuwa na wa kumweleza. Nikipanda juu wenzangu wanaongea habari za mpira.

Nimejipata kwenye ya arobaini na nne.

Nimejijua kwa alama. "Mtoto ana kovu la pasi kwenye kiwiko cha kulia, alilolipata karakanani kwa mjibu rufaa." Nikakunja mkono wa gauni lako nikaliangalia. Uliniambia nilizaliwa nalo.

Ni kurasa tano, na namba yake nimekuandikia nyuma ya barua hii. Mkata rufaa ni mama yangu. Hakuwa na wakili, alisimama mwenyewe. Mahakama ya kwetu ilikuwa imekupa mimi kwa sababu yeye alikuwa mbali akifanya kazi, ikamkataza kufika nyumbani kwako wala karakanani. Alikuwa na siku sitini za kukata rufaa, na bila nakala ya hukumu haiwezekani. Nanukuu:

"Mkata rufaa anaeleza kuwa alifika masjala kila Jumatatu kwa wiki kumi na moja kuomba nakala. Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi dhidi ya mwombaji, iwapo aliomba kwa maandishi. Hakuna barua katika jalada. Mjibu rufaa, ambaye karakana yake inatazamana na mlango wa mahakama, ameapa kuwa hana habari yoyote ya mkata rufaa kufika hapo. Rufaa hii imeletwa siku kumi na tisa nje ya muda. Inatupwa. Hatuna haja ya kuingia katika swali la mtoto akae na nani."

Basi mahakama ya juu kabisa haikusema mimi ni wako. Haikusema lolote kuhusu mimi. Ilihesabu siku.

Jumatatu kumi na moja, shangazi. Kutoka dirisha lako mpaka mlango ule mtu akikohoa unamsikia, na wakati huo masikio yako yalikuwa mawili. Siku ya taa mchana ilikuwa Jumatatu, sivyo?

Mtoto

4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya nane bila barua yako. Nimemwandikia binamu, amejibu kuwa u mzima na kwamba karakana imefungwa. Sijawahi kusikia imefungwa wiki nzima. Sitakuuliza tena. Niandikie tu kwamba unakula.

Kiraka

1 Septemba

Kiraka wangu,

Marahaba. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana. Nakula, binamu yako ananiletea. Karakana niliifunga kwa sababu kila nikikaa kwenye cherehani naona mlango ule.

Nilimwona.

Nilimjua kwa gauni kabla ya uso. Nililishona mimi, la maua ya rangi ya chungwa, siku kaka yangu alipomleta nyumbani. Alilivaa hilo hilo kila Jumatatu. Anaingia, anakaa kidogo, anatoka mikono mitupu, anasimama pale kwenye ngazi anaangalia upande wetu. Jumatatu ya nne nikafunga pazia. Lakini niliacha mpasuko wa vidole viwili, nikawa nachungulia. Jumatatu ya saba pindo lilikuwa limefumuka kwa nyuma, na unanijua, mikono yangu ikawasha. Nilitaka kutoka nimwambie simama hapo nikushonee. Sikutoka. Nilizihesabu zote, kumi na moja. Ile ya mwisho alitoka na bahasha.

Wakili wangu aliniuliza, "Ulimwona?" Nikamjibu, "Mimi nikiwa kazini naangalia sindano." Akaandika "hana habari." Nikatia sahihi. Hakunilazimisha mtu.

Ningesema nilimwona wangemsikiliza, na wangemsikiliza wangekurudisha. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, kaka yangu ndiyo kwanza tumemzika. Nyumba ilikuwa na sauti mbili tu, ya cherehani na yako. Kisha ulipokua ukaanza kuuliza, nikaona ni rahisi kukupa mama asiyegeuka kuliko kukupa mama niliyemfungia pazia.

Na kovu ni langu. Niligeuka kidogo tu nikachukua mkasi.

Wiki iliyopita nimevuka barabara. Ni hatua ishirini na nne, miaka yote hiyo sikuwahi kuzihesabu. Nikamwambia karani nataka kuapa kiapo. Akaitafuta ile namba uliyonipa, akasema kwa sauti ya kumwambia kiziwi, "Bibi, kesi hii ilishafungwa zamani!" Nikamwambia, "Najua. Andika." Akacheka, nikamwambia mwanangu yuko Mahakama ya Rufaa yenyewe, aandike. Ameandika. Nilimwona Jumatatu kumi na moja, yote imo, na pindo nimelitaja, ingawa karani alisema halihusiani.

Kiapo ni hiki. Sijui kinafaa kitu gani sasa. Wewe ndiye unayejua karatasi.

Shangazi yako, ukiniruhusu

13 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo.

Kiapo kimefika. Nilikaa nacho mchana mzima, kisha nikampelekea mzee wa masjala. Alikisoma akavua miwani. "Hakiwezi kufungua kitu," akasema. "Walioamua wamestaafu, wawili wamezikwa." Nikamwambia sitaki kifungue kitu. Nataka muhuri. Aliniangalia, akaangalia kiwiko changu, sijui alijua nini, akakipiga muhuri wa kupokelewa, tarehe ya siku hiyo, akakitia kwenye jalada mwenyewe.

Lakini unajua utaratibu wetu: ukileta kiapo, upande wa pili lazima upelekewe nakala. Na jalada lina anwani ya kupelekea hati. Mama aliandika: chumba cha kufulia, hospitali ya wilaya, na mji. Ni saa tatu kwa basi kutoka hapa. Nilijiambia ni upuuzi, nani anakaa kazi moja miaka ishirini na moja. Hata hivyo niliomba ruhusa ya siku moja. Nilivaa koti lako.

Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, pembeni ya majiko. Kuna mvuke, na wanawake sita wanakunja mashuka wawili wawili, wanakutana katikati na kuachana kama wanacheza. Nikauliza mkubwa wao ni nani. Mmoja akaita, "Mama Mashuka, una mgeni wa ofisini!" Wengine wakacheka: "Amekuja kukustaafisha!"

Akaja akifuta mikono. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakanipotea. Nikasema neno la kazini.

"Nimeleta hati."

"Ya kesi gani?"

Nikamtajia namba. Alichukua karatasi, akaisoma amesimama, polepole, mpaka kwenye sahihi yako. Kisha akashika mkono wa koti langu, ule wa kulia. Ni mrefu, unajua. Akaukunja mara moja, mara mbili, mara tatu, kama anavyokunja mashuka, mpaka kiwiko kikatokea. Akaweka kidole gumba juu ya kovu.

"Limepona vizuri," akasema.

Tulikaa kwenye benchi nyuma ya jengo. Hatukukumbatiana, shangazi. Nakuambia ukweli, tulikaa kama watu wanaosubiri basi. Nikamuuliza kwa nini hakuhama. Akasema anwani aliyoandika kule ni hii. Angehama, na mtu akitaka kumpa habari angempata wapi?

Kisha nikamuuliza lile lililonikaa kooni tangu Juni, lile ambalo mimi mwenyewe nawaambia watu kila siku dirishani.

"Kwa nini hukuandika barua? Barua moja tu. Siku zako zisingehesabiwa."

Akaangalia mikono yake. Vidole vimevimba kwenye maungio.

"Karani aliniambia," akasema. "Jumatatu ya kwanza. 'Mama, andika ombi, nakala utaletewa kwa posta, usijisumbue kuja.' Hata karatasi alinipa. Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi."

"Hukujua kuandika?"

"Najua. Lakini karakanani nilikatazwa kufika. Mahakamani nani angenikataza? Na nilipotoka ile siku ya kwanza nilikuona. Umekaa juu ya meza, dirishani, unapanga vifungo kwa rangi. Ningeandika barua, ningerudi tena kwa sababu gani?"

Wenzake walikuwa wanamwita ndani. Aliwapungia mkono wasubiri.

"Lakini pazia lilifungwa Jumatatu ya nne," nikasema. Nilisema kwa ukali kidogo, sijui nilikuwa namkasirikia nani.

"Lilifungwa."

"Na ukarudi mara saba zaidi."

"Taa ilikuwa inapenya," akasema. "Nilikuwa najua umo."

Nimerudi chumbani kwangu. Wale wa ng'ambo ya ukuta wanacheka kama kawaida. Sijui kama mimi na yeye tutajuana. Ameniomba niwe naandika, hana mengi ya kusema kwenye simu, na nimemwambia nimezoea. Wewe nawe usiulize kama nimekusamehe. Sijafika huko, na sijaondoka kwako pia. Mwezi wa kumi na mbili nitakuja. Nataka kukaa juu ya meza ile mchana, jua likiwaka, pazia likiwa wazi na taa ikiwa imezimwa, nione mlango ule uko mbali kiasi gani.

Leo yule mama wa shamba amerudi tena, bila barua. Safari hii sikumwambia aandike. Nilichukua kalamu nikamwandikia mwenyewe ombi, nikampa atie sahihi. Alipotoka nilisimama dirishani nikamfuata kwa macho, nione akifika kwenye ngazi ataangalia upande gani.

Kiraka